Sindano Bila Somo

Kila mwaka siku ya chanjo ya mbwa inapotangazwa, mimi huenda kukaa kwenye gogo lililo karibu na ofisi ya kijiji chetu, hapa wilayani Iramba, nikatazama. Si kila mara ninakuwa na mbwa wa kuchanja. Nakwenda kwa mazoea ya ualimu. Mtu aliyesimama mbele ya watoto kwa miaka 38 hawezi kuona mstari wa watoto asiusogelee, na wanaoleta mbwa kuchanjwa, ndugu msomaji, aghalabu ni watoto. Baba yuko kwenye alizeti, mama amekwenda kisimani, na mbwa anavutwa kwa kamba ya katani na mtoto wa darasa la tatu ambaye uzito wake haumzidi sana huyo mbwa.

Bwana mifugo anafika kwa pikipiki, boksi la barafu limefungwa nyuma. Anauliza jina la mwenye mbwa. Anamwambia mtoto, "Mshike vizuri." Sindano inaingia, mbwa analia, kadi inaandikwa. "Haya, mwingine!" Safari ya mwisho nilitazama saa yangu, na hapakuwa na mbwa aliyechukua zaidi ya dakika mbili. Katika hizo dakika mbili sikusikia neno hata moja akiambiwa mtoto juu ya mnyama aliyemshika: analala wapi, anakula nini, anachapwa na nani, na kwa nini jana alitaka kumuuma dada yake.

Nitasema neno langu mapema ili asiyelipenda afunue ukurasa mwingine. Mtaalamu wa mifugo anayemchoma mbwa sindano na kuondoka bila kumfundisha mwenye mbwa, amefanya nusu ya kazi yake. Na ile nusu aliyoiacha ndiyo inayotutoa damu vijijini.

Nisieleweke vibaya kuhusu sindano yenyewe. Sidharau chanjo, na asije mtu akachukua maneno yangu kuwa kisingizio cha kumficha mbwa wake siku ya chanjo. Kichaa cha mbwa ni ugonjwa ambao dalili zikishaonekana kwa binadamu, karibu hapana anayepona. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulikadiria kwamba hapa Tanzania ugonjwa huo ulikuwa ukiua watu karibu 1,500 kwa mwaka, na duniani kote wataalamu wamekadiria vifo 59,000 kwa mwaka. Karibu wote hao huambukizwa na mbwa, na wengi wao ni watoto. Tangu tarehe 6 Julai 1885, Louis Pasteur alipomtibu kule Ufaransa mtoto wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa, binadamu amekuwa na kinga mkononi. Shirika la Afya Duniani linatuambia kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Wenzetu wa Pemba wameyaona hayo: kampeni za chanjo ziliufukuza ugonjwa kisiwani, na uliporejea mwaka 2016, chanjo iliufukuza tena. Kwa hiyo mbwa achanjwe, na aliyeumwa aoshe jeraha papo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha akimbilie hospitali. Hilo halina mjadala.

Lakini chanjo humzuia mbwa asipate kichaa. Haimzuii asiume. Wengi wanaoumwa hapa kwetu wanaumwa na mbwa wazima, tena wa nyumbani mwao au wa jirani, mbwa wanaomjua mtoto kwa jina na harufu. Mbwa huyo ana kadi ya chanjo safi kabisa, na mtoto ana kovu. Nani anawajibika kwa kovu hilo? Naanza na mimi mwenyewe, maana mwalimu asiyesahihisha daftari lake hana haki ya kushika kalamu nyekundu.

Mwaka 2010, mwaka mmoja baada ya kustaafu, niliamua kufuga mbwa. Kuku wetu wa Singida, hao wanaofuatwa na wafanyabiashara wa Dar es Salaam kwa malori, walikuwa wakipungua bandani, wengine kwa kicheche na wengine kwa kicheche wa miguu miwili. Jirani alinipa mtoto wa mbwa wa wiki nne, bado ananyonya. Nikamwita Mtajuta. Msomaji anafahamu desturi yetu: jina la mbwa ni barua ya wazi kwa majirani. Nilitaka wezi walisikie wakati nikimwita jioni. Aliyekuja kujuta ni mwenye mbwa.

Nilimlea kama nilivyoona wengine wakilea. Mchana nilimfunga kwa mnyororo chini ya mkwaju, ili usiku awe mkali. Nilikataza watoto wasimzoee, ili asije akawa mbwa wa kila mtu. Wako waliomlisha wao pilipili; mimi sikufika huko, ingawa sikuwakemea. Na Mtajuta alipoanza kunguruma mtu akipita karibu na chakula chake, nilimchapa. Mimi nilikuwa mwalimu mkuu, msomaji. Niliamini kwamba sauti ya dharau hukatwa mapema, na samaki hukunjwa angali mbichi. Baada ya mwaka mmoja Mtajuta hakunguruma tena. Wageni walipokuja niliwaonyesha kwa majivuno: "Mnamwona? Huyu ana adabu."

Agosti 2013 mjukuu wangu wa kike, umri miaka sita, alikuja kututembelea kutoka Singida mjini. Alikuwa akicheza uani na bakuli la plastiki. Bakuli likaviringika likasimama karibu na sufuria la mbwa. Mtoto akainama kuliokota. Mtajuta hakubweka wala hakunguruma. Alimrukia akamng'ata shavuni, chini ya jicho la kushoto, na mkono mtoto alipoinua kujikinga.

Jirani alikuja mbio na ugoro wa kupaka kwenye jeraha. Mke wangu, ambaye alikwisha kusikia redioni yanayopasa kufanywa, alimzuia, akamwosha mtoto kwa maji na sabuni huku sote tukilia. Tukampeleka hospitali, akaanza sindano. Nauli na dawa vilikula mbuzi wawili, lakini si mbuzi ninaokumbuka.

Kesho yake alifika bwana mifugo mmoja. Aliuliza kama mbwa amechanjwa. Nilikuwa nimemchanja mara moja tu, mwaka 2011. Akasema, "Mfungeni siku kumi. Akifa, nileteeni taarifa. Asipokufa, muueni tu, maana ameshaonja damu." Akapanda pikipiki akaenda zake. Mazungumzo yetu yalikuwa mafupi kuliko kahawa niliyokuwa nimemmiminia.

Siku kumi zikapita. Mtajuta alikula, alikunywa, alilala kama kawaida. Hakuwa na kichaa, na hospitali walituambia sindano zilizobaki zinaweza kuachwa. Siku ya kumi na moja kijana mmoja alikuja na rungu. Mimi ndiye niliyekwenda kumfungua mnyororo. Mbwa akatikisa mkia, akidhani tunakwenda kutembea, jambo ambalo sikuwahi kumfanyia maishani mwake. Nikazunguka nyuma ya nyumba nikasimama huko mpaka ikawa kimya.

Basi niliishi miaka mitatu nikiamini kwamba yule alikuwa mbwa mbaya. Mwaka 2016 alikuja daktari wa mifugo kijana, binti wa mwanafunzi wangu wa zamani, kutazama mbuzi zangu waliokuwa wakikohoa. Nilihofia homa ya mapafu. Alipomaliza, akamwona mjukuu wangu na lile kovu.

"Shikamoo Mwalimu, samahani kuuliza. Huyu aliumwa na mbwa?"

"Marahaba mwanangu. Mbwa wangu mwenyewe. Alimrukia bila sababu wala onyo."

"Kabla ya siku hiyo, hakuwahi kunguruma?"

"Alikuwa akinguruma zamani. Nilimkomesha."

Alinyamaza kidogo, akalifunga begi lake polepole. Kisha akasema kwa heshima, kama mtu anayemrekebisha baba yake: "Mwalimu, unisamehe. Kunguruma kwa mbwa ni kunyoosha mkono. Alikuwa anaomba nafasi ya kusema kwamba anaogopa. Wewe ulimchapa kila aliponyoosha mkono, akaacha kunyoosha. Lakini hofu haikuacha."

Msomaji aliyewahi kuwa mwalimu ataelewa kwa nini nilikaa chini. Nilimwona mbele yangu, si Mtajuta peke yake, bali safu ya watoto wa miaka ya sabini na themanini waliokuwa hawanyooshi mikono darasani kwangu. Niliwasifu hao pia mbele ya wakaguzi. "Darasa hili lina adabu," niliwaambia.

Yule binti alikaa nasi saa nzima na hakudai shilingi ya ziada. Alitufundisha kwamba mbwa husema mapema sana kabla ya kuuma, ila husema kwa mwili. Hugeuza uso pembeni. Hulamba pua ilhali hakuna chakula. Hupiga miayo bila usingizi. Huonyesha weupe wa jicho. Hukakamaa akiwa amesimama juu ya chakula chake. Hata mkia si shahidi wa kutegemea, kwani mkia ulioinuka wima ukitikisika kwa ukakamavu hauonyeshi furaha. Akatueleza kwamba kuanzia wiki ya 3 hadi kama ya 12 ndipo mtoto wa mbwa anapojifunza ni nani wa kumwogopa na nani wa kumzoea. Wamarekani wawili, John Paul Scott na John Fuller, walikwisha kuyaandika hayo katika kitabu chao cha mwaka 1965 baada ya utafiti wa miaka mingi. Mimi Mtajuta nilimtoa kwa mama yake akiwa na wiki 4, nikamfungia peke yake katika wiki zile zile ambazo angejifunza watu. Nilimfunza kutowajua watoto, kisha nikamuua kwa kutowajua watoto.

Na hapa ndipo aibu yangu inapokuwa kubwa zaidi, maana somo lenyewe nilikuwa nimekwisha kulisoma. Nilipokuwa Chuo cha Ualimu Kinampanda, mwaka 1970 na 1971, tulifundishwa saikolojia, na katika saikolojia tulifundishwa habari za Ivan Pavlov, yule Mrusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904. Tulichora mbwa wake kwenye madaftari. Tulieleza jinsi mbwa aliyezoeshwa kusikia mlio kabla ya chakula anavyotoka mate kwa mlio peke yake. Nilipata alama nzuri katika swali hilo. Haikunipitikia akilini, siku ile wala miaka 40 baadaye, kwamba yule mbwa wa daftarini na huyu aliyefungwa chini ya mkwaju wangu ni mnyama mmoja. Kama mlio unaweza kumfundisha mbwa kutarajia nyama, hatua za mtu zinaweza kumfundisha kutarajia fimbo. Elimu niliitumia kujibu mtihani. Nyumbani niliendelea kutumia yale niliyoyaona kwa jirani.

Zaidi ya hayo, utoto wangu mwenyewe ulikuwa umenionyesha njia nyingine. Katika miaka ya hamsini, kabla sijaanza shule, nilichunga mbuzi wa baba kando ya mbuga ya Wembere. Tulikuwa na mbwa aliyeitwa Askari. Hakuna aliyemfunga kamba. Alizaliwa ukutani mwa zizi, akakua akikanyagwa na mbuzi na kuvutwa masikio na sisi watoto. Mchana alitembea nasi, jioni alikula ukoko, usiku fisi walimsikia wakapita mbali. Sikumbuki Askari kumuuma mtoto. Watazame hata leo wachungaji wa Kibarbaig wanapopita na ng'ombe wao: mbwa wanatembea katikati ya kundi na watoto, wana kazi, wana watu, na hawana muda wa kumchukia mpita njia.

Kisha tukaja kukaa pamoja vijijini. Operesheni ya mwaka 1974 ilileta shule, zahanati na kisima karibu, nami nimefundisha katika shule hizo na sitazikana. Lakini nyumba zikasogeleana, njia ikapita mlangoni, na mbwa aliyekuwa na mbuga nzima akapewa mita mbili za mnyororo. Kazi yake ikawa kubweka. Hatukuketi kumfikiria upya, wala hakuna mtaalamu aliyetuketisha.

Sasa nazijibu hoja ambazo nimezisikia, maana kila ninapozungumza haya kwenye kahawa hujibiwa.

Hoja ya kwanza inatoka kwa wataalamu wenyewe: hakuna muda. Bwana mifugo mmoja anahudumia kata nzima, ana vijiji vitatu au vinne, mafuta ya pikipiki anajitafutia, na ng'ombe ndio wanaoleta kodi. Nakiri kwamba mzigo ni mzito. Ila nawauliza: sotoka, ugonjwa uliomaliza ng'ombe wa Afrika Mashariki katika miaka ya 1890, ulishindwaje hata dunia ikatangaziwa mwaka 2011 kwamba umekwisha? Kule Karamoja, Uganda, na Sudan ya Kusini, ambako magari na majokofu hayakufika, walifundishwa wafugaji wenyewe, wakachanja wenyewe. Mtaalamu aliyemfundisha mfugaji aliongeza mikono yake. Asiyefundisha hubaki na mikono miwili, kisha akalalamika kwamba ni miwili. Mstari wa watoto 80 waliosimama kimya wakisubiri sindano ni darasa lililokwisha kukusanyika bila kengele. Mimi nimefundisha watoto 80 katika chumba kimoja. Najua thamani ya ukimya ule. Dakika kumi kabla ya sindano ya kwanza zinatosha.

Hoja ya pili: mbwa ni mnyama tu, tena najisi. Ndugu zangu Waislamu, ambao ni wengi hapa mkoani, nawaheshimu wanapojihadhari na mate ya mbwa. Lakini masheikh wamenifundisha kwamba dini hiyo hiyo imeruhusu mbwa wa kuwinda na wa kulinda mifugo, na inasimulia habari za aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Sisi Wakristo tunasoma kwamba Lazaro alipolala mlangoni pa tajiri, waliomjia ni mbwa. Hakuna kitabu kinachomwagiza mtu amtese mnyama anayemlindia mali. Na asiyejali dini anayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Sheria hiyo inamhusu mbwa wa kijijini kama inavyomhusu farasi wa mjini, ila sijawahi kuiona ikibandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji penye matangazo ya ushuru.

Hoja ya tatu: sisi tunataka mbwa mkali. Mbwa mpole wa nini? Ndivyo nilivyosema mimi. Lakini mbwa mwenye hofu hachagui. Mwizi huja usiku mmoja katika miaka miwili, akiwa na kipande cha nyama mkononi, na mbwa mwenye njaa hupokea. Mtoto hupita kila siku, na hana nyama. Hesabu ya darasa la nne inatosha kuonyesha ni nani atakayeumwa kwanza. Mlinzi mwema ni yule anayejua wa nyumbani ni nani ili amtambue mgeni, na hawezi kuwajua wa nyumbani iwapo amekatazwa kuwazoea.

Hoja ya nne ndiyo inayoniudhi: wakizidi, tuwapige risasi. Mara kwa mara hutangazwa siku ya kuua mbwa wanaozurura, na watu hushangilia. Wataalamu wa kichaa cha mbwa duniani wamekwisha kusema wazi kwamba kuua mbwa ovyo hakuzuii ugonjwa. Wanaouawa ni pamoja na waliochanjwa, nafasi yao inajazwa upesi na watoto wa mbwa wasiochanjwa, na wenye mbwa huwaficha wao wasionekane hata siku ya chanjo. Kijiji kinabaki na mbwa wale wale kwa idadi, na kinga kidogo kuliko jana. Huko ni kufukuza wanafunzi wote waliofeli badala ya kutazama mwalimu anafundisha nini. Nami nilifanya hivyo hivyo kwa mbwa mmoja, kwa rungu, kwa ushauri wa sentensi moja.

Namrudia yule bwana mifugo wa mwaka 2013. Sina chuki naye. Alikuwa kijana, na alisema aliyoyasikia kwa wakubwa wake. Hata yule daktari wetu binti aliniambia kwamba mengi aliyotufundisha alijisomea mwenyewe baada ya chuo. Lakini hebu fikiria, msomaji, kama badala ya kusema "ameshaonja damu" angeuliza maswali matatu: huyu mbwa analala wapi, nani humlisha, na akikosea mnamfanyaje? Kwa majibu yangu angejua kila kitu. Pengine Mtajuta bado angeuawa, maana uso wa mtoto si jambo la kufanyia majaribio. Lakini mimi ningejua kwa nini, na mbwa aliyefuata kijijini, na aliyemfuata huyo, wangepata mabwana walioelimika kidogo. Badala yake kijiji kizima kilijifunza kutoka kwake kwamba mbwa akionja damu huwa mwovu, na imani hiyo bado inatembea na miguu yake.

Nataka nini basi? Nataka mambo machache, na hakuna hata moja linalohitaji wafadhili. Chanjo isianze kabla ya somo la dakika kumi kwa watoto walioleta mbwa: usimsogelee anayekula, usimsogelee aliyelala au mwenye watoto, usimkimbie, simama kama mti akikujia, na ukiona analamba pua au amegeuza uso, mwache. Kadi ya chanjo iandikwe jina la mbwa pia, maana mtu humtunza anayemwita kwa jina. Mtoto wa mbwa asitolewe kwa mama yake kabla ya wiki 8, na akitolewa azoeshwe watoto, wazee, kuku na wageni. Anayeomba ushauri kwa mbwa aliyeuma asijibiwe kwa rungu kabla hajaulizwa maswali. Na walimu wenzangu mlio kazini, tarehe 28 Septemba, ambayo ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, isipite kwa kusoma tangazo kwenye paredi. Mwiteni bwana mifugo darasani. Kama hawezi kuja, fundisheni wenyewe. Dunia imejiwekea mwaka 2030 kuwa mwisho wa vifo vya watu kutokana na mbwa wenye kichaa, na sindano peke yake haitatufikisha ikiwa anayemshika mbwa anamwogopa na mbwa anamwogopa yeye.

Mjukuu wangu sasa ni msichana mkubwa. Kovu limefifia, ingawa akicheka huonekana. Miaka michache iliyopita aliniuliza, "Babu, kwani Mtajuta alikosa nini?" Nilimwambia ni habari ndefu, nitamsimulia siku nyingine. Kwa mwalimu, jibu hilo ni kukwepa swali. Sasa nimemwandikia.

Siku ya chanjo ijayo nitakuwa pale pale kwenye gogo, na safari hii nitakwenda na ubao mdogo na kipande cha chaki. Bwana mifugo akinipa dakika kumi, nitamshukuru mbele ya watu. Asiponipa, nitaanzia mwisho wa mstari, kwa mtoto wa mwisho na mbwa wake, nikisogea mbele mmoja mmoja mpaka tukutane.